Eti Mwenye Pumzi Hahitaji Kidonge!

Mhariri, nipe nafasi nami niseme langu.

Katika toleo lililopita mwenzetu mmoja alijaza kurasa nne akiisifu chi, ile nguvu ya uhai ya Wachina. Alisema kijana wa Kiafrika akijifunza kuvuta pumzi kama Watao atapona maradhi, atapata nguvu za simba, roho yake itafunguka, na kama ni mwandishi basi kalamu yake haitakauka maisha. Kaandika vizuri, sikatai. Niliisoma makala hiyo nimekaa juu ya gunia la usipa pale Mbamba Bay, nasubiri gari la kupanda Mbinga. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilikasirika, kwa sababu katikati ya ukurasa wa tatu niliikuta sentensi moja ninayoijua. Mwenzetu kaiweka kama methali ya kale ya Kichina: “Mwenye pumzi hahitaji kidonge.”

Nitairudia sentensi hiyo. Kwanza tuelewane.

Mimi ni mtoto wa Mbinga. Nilimaliza kidato cha nne na cheti cha kunirudisha nyumbani, na tangu hapo nafanya biashara ya usipa: nanunua ziwani, nauza kule juu milimani kwa Wamatengo, na usiku naandika riwaya ambayo wachapaji wawili wamekwisha kunirudishia. Sijui Kichina. Lakini habari hii ya chi nimeifuatilia miaka mitatu, kwa sababu ambayo nitaieleza hata kama inaniumbua, na nimegundua kwamba nusu ya wanaoisifu hawaijui, na wanaoilaani hawaijui wote.

Tao maana yake ni Njia. Chi ni pumzi, ni mvuke, ni uhai unaotembea mwilini. Ndivyo wasemavyo Watao wenyewe. Ghala yake wanasema iko chini ya kitovu, vidole vitatu hivi. Mazoezi yake nayo si ya kutisha. Unasimama magoti yamelegea, unavuta hewa polepole mpaka lijae tumbo badala ya kifua, mikono inapanda na kushuka kama ya mtu aliyekumbatia mpira mkubwa ndani ya maji. Basi. Ukimwona kwa mbali utadhani ni mtu aliyesahau alichokuwa anafanya. Tena ni mambo ya zamani kweli. Mwaka 1973 huko Mawangdui, katika mji wa Changsha, walifukua kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, wakakuta kitambaa cha hariri kilichochorwa watu 44 wake kwa waume, wanajinyoosha, wanainama, wanapanua mikono. Hayupo hata mmoja anayeruka juu ya paa. Hayupo anayepasua tofali kwa paji la uso.

Kuruka juu ya paa tumefundishwa na vibanda vya video. Na kule tumefundishwa vibaya, maana kila mzee mwenye ndevu nyeupe tunamwita wa Shaolin, na Shaolin ni nyumba ya watawa wa Kibudha. Watao wana mlima wao, unaitwa Wudang. Halafu kila kijana wa kijiweni atakuapia kwamba Bruce Lee alikuwa na chi ya kuzuia kifo. Jamani! Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, ana miaka 32, ubongo umevimba. Nasema kwa heshima zote, picha yake nilikuwa nayo mlangoni mpaka karatasi ikaliwa na mchwa. Mwili ule ulikuwa chuma, na ubongo ulivimba kama ambavyo ungevimba wa mpwa wangu.

Nigeuke kidogo kwa yule katekista aliyemjibu mwenzetu kwa barua, kwamba kufumba macho na kuvuta pumzi ni kumfungulia shetani mlango. Ndugu yangu, taratibu. Kwetu huku tu Wakatoliki milimani na Waanglikana pale Liuli, na kila mmoja wetu amefundishwa kwamba Adamu alikuwa udongo mpaka alipopuliziwa pumzi puani. Hiyo pumzi alipuliziwa na shetani? Thomas Merton alikuwa mtawa, padri wa Kikatoliki, na mwaka 1965 alitoa kitabu kizima kuhusu Zhuangzi, mwalimu mkubwa wa Watao, bila kuacha Misa yake. Na wewe umewahi kusimama karibu na wachezaji wa mganda? Saa tatu juani, mstari umenyooka, ngoma inapiga, hakuna anayetweta. Muulize mmoja wao anapumuaje. Hatakutajia chi, atakwambia alifundishwa na mjomba wake. Kwa hiyo, katekista, kelele zako zinamsaidia mtu mmoja tu, naye ni mwuza siri, kwa sababu kijana akisikia jambo limekatazwa kanisani anauza hata baiskeli ili alipate.

Ugomvi wangu si na pumzi. Ugomvi wangu ni na bei, na ahadi inayofungwa pamoja na bei.

China yenyewe imekwisha kuliona hili, na ilipata hasara kabla yetu. Wafalme kadhaa wa enzi ya Tang walitaka kuishi milele. Mafundi wao wa Kitao wakawachemshia dawa ya uzima yenye zebaki na risasi, ile madini, wakanywa, wakafa. Wafalme hao! Watu wenye askari na matabibu mlangoni. Watao wengi baadaye wakasema tanuru lisiwe la nje tena, liwe ndani ya mwili. Mtu apike uzima wake kwa pumzi na utulivu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo akili kubwa kuliko zote katika habari hii, maana pumzi angalau haina zebaki.

Sasa jina qigong, maana yake kazi ya chi, mwenzetu analiita la kale kama mawe. Jinsi linavyotumika leo ni la juzi. Lilisambazwa na Liu Guizhen, mtumishi wa serikali wa mkoa wa Hebei, aliyekuwa na vidonda vya tumbo miaka ya 1940 akapata nafuu kwa mazoezi ya pumzi. Kuanzia 1949 Liu na wenzake waliyatoa mazoezi hayo maneno ya uganga, wakayaweka ndani ya hospitali, na miaka ya 1950 pakawa na nyumba ya matibabu pale Beidaihe. Ndani ya hospitali, nasema! Pembeni ya daktari, chini ya macho yake. Yaliyofuata ndiyo tunayoyaona Mbinga leo. Miaka ya 1980 na 1990 wakaibuka walimu wanaojaza viwanja vya mpira, mmoja anaponya kwa mkono bila kugusa, mwingine anatuma chi kwa maelfu ya kilomita, na wapo watu waliokaa wamevaa sufuria vichwani ili wapokee nguvu vizuri. Watu waliosoma, siyo washamba kama mimi.

Na kuhusu habari ya chi inayozuia risasi, ambayo mwenzetu kaigusia kwa mistari miwili akaikimbia, hapo msinichokoze. Mimi ni wa Ruvuma. Mwaka 1900 vijana wakulima wa kaskazini mwa China, wale ambao Wazungu waliwaita Mabondia, walifanya mazoezi, wakaita miungu iwapande, wakaamini risasi haipenyi. Haukuwa Utao mtupu, ulikuwa mchanganyiko, lakini ahadi ilikuwa hiyo. Majeshi ya nchi nane, Ujerumani ikiwamo, yakawavunja. Miaka mitano baadaye Wajerumani haohao wako huku kwetu. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe ametoa maji, Omari Kinjala ameyafikisha Ungoni. Pale Mahenge tarehe 30 Agosti 1905 watu walizikimbilia bunduki za rashasha kifua mbele. Songea tarehe 27 Februari 1906 wakanyongwa. Nenda kwenye makumbusho ya Majimaji ukaone mwenyewe. Siwacheki wale wazee. Walikuwa na sababu ya kupigana ambayo mimi, mchuuzi wa usipa, sina haki ya kuipima. Na Kinjekitile mwenyewe alinyongwa, alilipa. Lakini mtu anayekuuzia maji leo halipi kitu. Anapanda basi.

Nami nilimsaidia kupanda basi. Hapa ndipo inaponiumbua.

Miaka mitatu iliyopita alikuja Mbinga mjini bwana mmoja. Simtaji jina, na hata alilotumia sidhani lilikuwa lake. Alikuwa Mswahili kama sisi, kavaa suti nyeupe ya michezo, sauti ya chini, anakuangalia usoni mpaka unashusha macho. Alikodi ukumbi karibu na stendi. Hatua ya kwanza elfu thelathini. Hatua ya pili elfu themanini. Hatua ya tatu ilikuwa siri, na bei yake pia siri. Alikuwa na kijitabu cha kurasa kumi na sita, tafsiri mbovu ajabu, na akasikia kwamba mjini hapa kuna kijana anaandika hadithi. Akaniita.

“Mdogo wangu, nirekebishie Kiswahili hiki. Nataka kiwe kitamu.”

Alinipa elfu ishirini taslimu. Mhariri, wewe unajua. Wasomaji wenzangu wenye madaftari chini ya godoro, nanyi mnajua. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kulipwa kwa maandishi. Nilikesha na taa ya sola. Sikuuliza kilichoandikwa ni kweli au si kweli, niliuliza tu kama kinasomeka. Mahali fulani palikuwa na mstari huu: “Mtu mwenye nishati ya ndani ya kutosha atakuwa na mahitaji pungufu ya madawa.” Nikauona umelala pale kama ng'ombe mgonjwa. Nikaufuta, nikaandika: Mwenye pumzi hahitaji kidonge. Nikausoma kwa sauti. Nikausoma tena. Nilijipongeza, nikaenda kulala nikijiona mwandishi.

Basi methali ya kale ya Kichina ndiyo hiyo. Ina umri wa miaka mitatu na imezaliwa Mbinga, chumba cha kupanga, nyuma ya mashine ya kukoboa kahawa.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa mvuvi upande wa Mbamba Bay. Wakati huo alikuwa na miezi miwili ya dawa za kifua kikuu. Kikohozi kilikuwa kimekata, mwili umerudi, kamba ya wavu anaivuta tena na wenzake. Sasa huo mwezi wa pili ndio wa hatari, na ngoja nilieleze kwa sababu kwenye kijitabu changu halikuwemo. Dawa zikianza kazi zinaua wadudu wengi haraka, mgonjwa anajiona mzima. Lakini wapo wadudu waliolala, hao wanakufa polepole, ndiyo maana dozi ni miezi sita. Ukiacha katikati, wanaobaki ni wale wagumu, na wakiamka zile dawa za kwanza huenda wasizisikie tena. Mambo haya Tanzania ni darasa la dunia nzima. Kuanzia 1977 mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu ulijengwa na madaktari wetu pamoja na Karel Styblo, mtu wa Czechoslovakia, kwa njia ya kuhesabu kila mgonjwa na kumsimamia mpaka amalize, na miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaichukua njia hiyo na kuipeleka nchi nyingine. Dawa ni bure. Bure, ndugu zangu! Lakini cha bure tunakitilia shaka, cha elfu thelathini tunakiamini. Si tulikwenda Loliondo mwaka 2011? Kikombe kilikuwa shilingi mia tano tu, na bado wapo waliofia kwenye foleni, na wapo waliotupa dawa zao wakisema wamepona.

Mjomba alipanda Mbinga kuuza mbasa, akapita ukumbini. Mwezi uliofuata nilishuka ziwani kununua usipa, nikaenda kumsalimia. Nilimkuta amesimama ufukweni, magoti yamelegea, mikono mbele, anaangalia ng'ambo ya Malawi.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mjomba. Ngoja nimalize.”

Alipomaliza tukakaa kwenye ukingo wa mtumbwi. Nikamwuliza habari za dawa. Akatabasamu, akanipiga bega kama mtu anayemfundisha mtoto.

“Zile zinaziba mifereji. Mwenye pumzi hahitaji kidonge.”

Nilinyamaza. Ningeweza kumwambia palepale: mjomba, maneno hayo ni yangu, niliyaandika kwa elfu ishirini, nayo nimekwisha kula. Niliona aibu. Nikamwuliza bei ya mbasa.

Kulirekebisha Kiswahili lilikuwa kosa la ujinga. Kunyamaza pale kwenye mtumbwi halikuwa la ujinga.

Alikaa miezi mitano anavuta pumzi ya ziwa. Ndipo akatapika damu usiku. Makohozi yakapimwa, wadudu wakakutwa sugu, akasafirishwa mpaka Kibong'oto, Kilimanjaro, kutoka ziwani kwetu hadi huko unavuka karibu nchi nzima. Akapewa dawa nyingine, kali, zilizomtesa. Amepona, namshukuru Mungu. Lakini pafu la kushoto limesinyaa, mtumbwi umeuzwa, na wavu hauwezi tena. Anakaa mlangoni anashona nyavu za wenzake. Yule bwana wa suti nyeupe alikwisha kuhama siku nyingi. Wengine wanasema yuko Njombe, wengine Tunduru.

Nilimwambia mjomba ukweli mwaka jana. Alikaa kimya muda mrefu, sindano ya nyavu mkononi. Halafu akasema, “Ilikuwa tamu, lakini.” Mpaka leo sijajua kama alinisamehe au alinilaani.

Sasa sikilizeni kituko. Kliniki anakohudhuria kuna muuguzi, mama mmoja mtu mzima, alimkalisha kwenye benchi akamwekea mkono tumboni akamwambia: vuta polepole, jaza hapa, siyo kifuani, toa polepole kuliko ulivyovuta. Asubuhi na jioni, baada ya dawa zako. Mjomba akanigeukia. “Hii si ndiyo ileile ya elfu thelathini?” Ndiyo, ni ileile, bila suti nyeupe. Na inamsaidia, anaweza kupanda kilima cha kisimani bila kupumzika mara nne kama zamani. Nao Wazungu wamepima: mwaka 2012 jarida la madaktari la New England huko Marekani lilichapisha utafiti wa wagonjwa 195 wenye Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka. Waliocheza taijiquan, mazoezi ya polepole ya Kichina, mara mbili kwa wiki kwa wiki 24 walisimama imara kuliko wengine, na wakaanguka mara chache kuliko waliojinyoosha tu. Hawakupona Parkinson. Hakuna aliyewaambia watapona, na hakuna aliyewaambia watupe vidonge.

Kwa hiyo wewe mwenzangu uliyeandika kurasa nne, sikukatazi kusimama ufukweni asubuhi ukavuta hewa mpaka jua likukute. Mimi mwenyewe nafanya. Hainisaidii kuandika riwaya, inanisaidia kusinzia. Ninakuuliza jambo moja tu, na ninataka ulijibu humuhumu gazetini: ile sentensi uliitoa wapi? Kama uliipata kwenye kijitabu cha kurasa kumi na sita chenye jalada la kijani, sema, na useme ulikipata mji gani, na nani alikuwa anakiuza. Na kama kuna mtu nyumbani kwenu aliyeisoma makala yako naye yuko kwenye dozi, ya kifua kikuu, ya presha, ya sukari, ya virusi, nenda kamwambie leo, usisubiri toleo lijalo. Usimwulize bei ya mbasa.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa stendi ya Mbinga, nikanunua karanga za mia mbili kwa kijana anayezungusha sinia. Nikakunjua karatasi, nikakuta ukurasa wa saba, wino umeanza kufutika, mstari wangu upo katikati. Nikanunua zote zilizobaki kwenye sinia, pakiti thelathini na kitu. Kijana akafurahi, akaniuliza kama nina msiba au harusi.

Nikamwuliza karatasi kazipata wapi.

“Kuna mtu aliacha boksi zima nyumbani kwa mama mwenye ukumbi,” akasema. “Bado zipo nyingi, kaka. Hata mwaka huu hatuzimalizi.”